Noah ya kilomita laki mbili na nusu: uichukue au uipite?

Anayetafuta gari la familia kama Toyota Noah, awe Sakina ya Arusha au Pasua ya Moshi, huanza na swali moja: limetembea ngapi? Majibu ya madalali huwa matamu. Elfu tisini na nane. Laki na kumi. Gari lina miaka zaidi ya kumi na minane, limepeleka watoto wa watu shule mpaka wamemaliza chuo, lakini ukisoma dashibodi utadhani lilishushwa melini juzi. Akitokea muuzaji mmoja akasema, "Laki mbili na arobaini na sita, njoo uione," mnunuzi anashukuru na kukata simu.

Mimi ningempigia tena huyo wa mwisho. Kilomita nyingi si sifa, lakini kati ya wote hao ni yeye peke yake aliyetaja namba inayoweza kuwa ya kweli. Gari la zamani huwezi kulichagua kwa udogo wa namba. Unalichagua kwa kujua limeishi vipi, na unalinunua pale tu ambapo baada ya kumlipa mwenyewe unabaki na pesa ya kulirudisha kwenye hali yake. Ukikosa kimoja kati ya hivyo viwili, hata lenye kilomita elfu sitini litakusumbua.

Bei inatoka bandarini

Watu wengi hushangaa kwa nini Toyota Wish ya 2005 bado inauzwa mamilioni. Sababu iko kwenye kodi. Gari lililotumika likifika Dar es Salaam linatozwa ushuru wa forodha asilimia 25. Kisha unakuja ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini: asilimia 5 kwa injini iliyovuka cc 1,000 hadi cc 2,000, asilimia 10 kwa iliyozidi hapo. Gari likiwa na miaka kati ya 8 na 10 tangu litengenezwe linaongezewa asilimia 15 kwa ajili ya umri, na likizidi miaka 10 ni asilimia 30. Juu ya jumla ya hayo yote inakaa VAT ya asilimia 18.

Tuseme ni gari la cc 1,800, lina zaidi ya miaka 10, na TRA, mamlaka ya mapato, wamelithamini shilingi milioni 10 pamoja na usafiri na bima. Forodha ni 2,500,000. Injini 625,000. Umri 3,750,000. VAT inavuka milioni 3 kidogo. Kodi peke yake inakaribia milioni 10, kabla hujagusa tozo ndogondogo, gharama za bandari na usajili. Tena thamani hiyo haitokani na risiti uliyopewa na muuzaji wa Japani. TRA wana mfumo wao wa kuthamini magari yaliyotumika, na unaweza kuufungua mwenyewe mtandaoni ukaona gari lako linakadiriwa kiasi gani.

Kwa hiyo bei ya gari la mkononi hapa kwetu inafuata gharama ya kuleta jingine kama hilo. Hali ya gari lenyewe inachangia kidogo sana. Soko linapanga bei kwa aina, mwaka na herufi ya kwanza kati ya tatu za mwisho kwenye namba ya usajili: "Noah namba D" ni sifa, "namba C" ni punguzo, ingawa herufi hiyo inakwambia tu gari limesajiliwa lini Tanzania. Noah mbili za mwaka mmoja na herufi moja zitatajwa bei zinazokaribiana, wakati moja imetunzwa na nyingine inasubiri kufia barabarani. Kwa asiyejua huo ni mtego. Kwa anayejua kuzitofautisha, hapo ndipo penye faida: analipa bei ileile na kuondoka na iliyo nzima.

Namba inasema nini

Japani mwenye gari hutembea kidogo, mara nyingi haivuki kilomita 10,000 kwa mwaka. Gari jipya hukaguliwa na serikali baada ya miaka 3, halafu kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo una gharama. Likifika miaka 13 kodi nayo inapanda. Wajapani wengi huona bora waliuze, na ndiyo maana magari yao yanatufikia yakiwa na uhai.

Sasa fanya hesabu. Gari la 2004 limeingia nchini 2013 likiwa na kilomita 85,000. Hiyo inaaminika. Baada ya hapo limeishi Njiro, Arusha: asubuhi shule, mchana mjini, Jumapili kanisani, na mara mbili kwa mwaka Dar es Salaam, safari inayozidi kilomita 600 kwenda tu. Hata kwa mtu mtulivu hizo ni kilomita 15,000 kwa mwaka. Miaka kumi ikipita lazima liwe limevuka laki mbili. Ukikuta namba C inaonyesha 98,000, basi ama liliegeshwa miaka mingi, jambo ambalo nalo si jema kwa gari, ama dashibodi imebadilishwa, ama kuna aliyerudisha namba nyuma. Mashine ya kurudisha inashikika mkononi na kazi ni ya dakika chache. Ndiyo maana namba peke yake haina ushahidi wowote.

Ushahidi uko kwingine. Fungua mlango wa dereva utazame fremu yake, kisha inua boneti. Gereji za Japani hubandika stika kila zinapobadilisha oili au mkanda wa taimingi, zikiandika tarehe na kilomita. Maandishi ni ya Kijapani lakini tarakimu ni hizihizi zetu. Mwaka mara nyingi huandikwa kwa enzi ya mfalme: ukiona 24 kwenye stika ya enzi ya Heisei, jumlisha 1988 upate 2012. Stika ikisema oili ilibadilishwa 2012 gari likiwa na 118,000, halafu dashibodi ya leo inasema 96,000, maongezi yameisha. Kama mwenye gari bado ana cheti cha kusafirisha nje kilichotoka Japani, kilomita zimeandikwa humo. Karatasi ya mnada nayo inazo, pamoja na daraja la gari. Herufi R mahali pa daraja ina maana kwamba gari liligongwa au lilibadilishiwa sehemu ya bodi na kutengenezwa.

Halafu tazama vinavyoguswa kila siku. Mpira wa pedali ya breki uliolika hadi chuma, usukani uliong'aa kwa juu, kiti cha dereva kilicholala upande wa mlango, mkanda usiorudi vizuri. Gari la kilomita elfu tisini haliwi hivyo.

Kuna mambo matatu ambayo dashibodi haiwezi kuyasema hata ikiwa ya kweli. La kwanza ni saa za kuunguruma. Gari lililokaa foleni ya Dar es Salaam saa mbili kila jioni huku AC ikipiga limechoka kuliko kilomita zake, na mengi yanayotangazwa Arusha yametokea huko. Lililokuwa likienda Dar na kurudi kwa njia kuu, mwendo mmoja, injini ikiwa na joto lake sahihi, linaweza kuwa na kilomita mara mbili na injini nzuri zaidi. La pili ni injini iliyobadilishwa. Injini za mtumba kutoka Japani ni biashara ya kawaida, kwa hiyo kilomita unazosoma zinaweza kuwa za bodi tu. Si kosa kuibadilisha, ila namba ya injini imo kwenye kadi, linganisha. Ikitofautiana, muuzaji aende akarekebishe TRA kabla hujatoa hata senti.

La tatu linahusu Noah hasa. Noah nyingi za Kaskazini zimebeba abiria: Rombo, Karatu, Namanga, vijijini kote. Gari la biashara lina namba nyeupe na la binafsi lina namba ya njano, na likitoka kwenye biashara linabadilishwa namba na kupakwa rangi kidogo. Reli ya mlango wa kuvuta ndiyo inayolitaja. Iliyofunguliwa mara mia kwa siku inalegea na mlango unashuka, unaufunga kwa kuunyanyua. Angalia pia matundu ya boliti sakafuni ambako kulikuwa na kiti cha nyongeza, na viti vilivyoshonwa upya vyote kwa mkupuo. Familia haina sababu ya kushona viti vyote siku moja.

Kinacholika na kinachozeeka

Hapa ndipo watu huchanganya. Kuna vitu vinavyolika kwa kutembea: bushi, boljointi, shokapu, breki, beringi za magurudumu, plagi. Hivi vinabadilishika, spea zake zimejaa, na kama Arusha hazipo, basi la usiku kutoka Dar es Salaam litazileta kesho asubuhi. Gari la laki mbili na nusu lenye kelele chini mbele si la kukimbia. Ni la kupunguza bei.

Vingine vinazeeka hata gari likiwa limeegeshwa: hosi za rejeta, sili, mikanda, mipira ya milango, matairi. Kwa tairi usitazame meno peke yake. Ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2315 lilitengenezwa wiki ya 23 ya 2015, na hata likiwa na meno mazuri silitaki chini ya watoto kwenye barabara ya Same.

Kundi la mwisho ndilo linaloua pesa: vinavyokufa kwa kutotunzwa. Injini ambayo oili yake ilibadilishwa kila kilomita 5,000 inaweza kuvuka laki tatu bila kufunguliwa. Ileile iliyokaa na oili moja mwaka mzima inakuwa na tope ndani ikiwa bado na laki moja. Fungua kifuniko cha kumiminia oili, tazama kwa tochi. Ukahawia unaong'aa ni sawa. Tope jeusi linalong'ang'ania, ondoka. Ukiona povu la rangi ya maziwa, maji na oili vimekutana, na hilo huwa ni gasketi ya hedi (kiziba cha kati ya injini na kichwa chake) iliyoharibika, au zaidi. Giaboksi ni vivyo hivyo: mafuta yake, ambayo mafundi wengi huyaita haidroliki, yana aina. Giaboksi za CVT, zile zinazobadilisha mwendo bila hatua za gia, zina mafuta yake peke yake, na fundi aliyeweka ya otomatiki ya kawaida kwa sababu ndiyo yaliyokuwepo dukani ameshaanza kuiua taratibu. Uliza giaboksi imewekwa mafuta gani. Mwenye gari anayejua jibu ni mtu wa kumsikiliza.

Kwa hiyo "haijafunguliwa injini, haina kipengele, unawasha unaondoka" si maneno yenye thamani. Afadhali anayesema, "Mwaka juzi nilibadilisha pampu ya maji na rejeta, risiti hizi hapa." Gari la zamani ambalo halijawahi kubadilishwa kitu ni gari ambalo bili zake zote zinakusubiri wewe.

Lipeleke mlimani

Kosa la kawaida ni kulijaribu gari kwenye tambarare. Unazunguka Njiro mara mbili au unakwenda Tengeru kwenye ile barabara ya njia nne, AC inapuliza, redio inaimba, umeridhika. Lakini familia ya Kaskazini inaishi mlimani. Krismasi ikifika, gari lenye watu saba, gunia la mchele na mabegi juu linatoka Himo, chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na kupanda Marangu, Mwika, Rombo. Wengine wanapanda Machame, wengine wanapanda Kibosho. Pembeni ya barabara hizo kila Desemba utayaona magari yamefunguliwa boneti yanatoa mvuke.

Ziko sababu za kifizikia. Arusha mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Injini ya petroli isiyo na tabo inapoteza takribani asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo hapo tayari imepungukiwa zaidi ya kumi kwa mia, na dereva anakanyaga zaidi kufidia. Maji nayo yanachemka mapema: mjini Arusha ni kama nyuzi 95 za Selsiasi badala ya 100. Mfumo wa kupoza injini unalikwepa tatizo hilo kwa mgandamizo na kwa kulanti (maji maalumu ya rejeta), lakini mfuniko wa rejeta ukichoka, au rejeta ikijazwa maji ya bomba miaka yote mpaka imeziba kwa kutu, kinga hiyo haipo. Gari hilohilo linaweza kuzunguka Moshi mjini mwaka mzima bila tatizo, kisha likachemka siku ya kwanza ya kupanda likiwa limejaa.

Kuna ujanja mmoja wa gereji zetu unaostahili kutajwa. Gari likianza kuchemka, baadhi ya mafundi huchomoa thamostati, kile kifaa kinachozuia maji kuzunguka mpaka injini ipate joto, na kuitupa. Maji yanazunguka muda wote, joto linashuka, mteja anafurahi. Lakini injini sasa haifiki joto lake sahihi: inakunywa mafuta zaidi, inalika zaidi, na tatizo la awali bado limo. Kulijua ni rahisi. Kutana na gari likiwa la baridi kabisa, mwombe mwenyewe asiliwashe kabla hujafika, na ushike boneti kwa mkono kuhakikisha. Liwashe, tembea robo saa. Mshale wa joto ukibaki chini, au kwa magari yasiyo na mshale ile taa ya bluu ikikawia sana kuzima, thamostati haipo au imekwama wazi.

Wakati wa kuliwasha likiwa baridi, mtu asimame nyuma atazame moshi. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe mzito usiokwisha hata injini ikishapata moto ni maji yanayoingia kwenye silinda. Usiuchanganye na mvuke kidogo wa asubuhi, ambao kwa baridi ya Arusha ya Julai kila gari linao. Mweusi ni mafuta mengi mno, mara nyingi plagi au sensa.

Kisha panda. Kutoka Moshi chukua Kibosho au Himo hadi Marangu. Kutoka Arusha vilima vya Ilboru vinatosha kuanzia. Panda mmebanana, AC ikiwa imewashwa. Sikiliza giaboksi: ikibadilisha kwa kishindo, au injini ikapiga kelele bila mwendo kuongezeka, au CVT ikatetemeka ukianza kuondoka, hiyo ni bili inayoweza kufika robo ya bei ya gari. Katikati ya mlima geuza gari litazame chini, weka rivasi, urudi juu kidogo. Giaboksi iliyochoka huaibika hapo. Ukifika juu usizime injini mara moja. Iache iungurume, tazama mshale, sikia kama feni inawaka na kuzima yenyewe.

Kushuka ni mtihani wa breki. Weka gia ya chini, 2 au L, usikanyage breki mfululizo. Pedali ikianza kuzama taratibu au usukani ukitetemeka unapopunguza mwendo, disk zimepinda au mafuta ya breki ni ya zamani. Mafuta hayo hunywa unyevu kadiri miaka inavyokwenda, na kwa breki zilizopata moto unyevu huo unageuka mvuke. Kwa mtu mwenye shamba Dar es Salaam ni jambo dogo. Kwa mtu mwenye bibi Rombo si dogo.

Majina yanayojirudia sokoni

Sina nafasi ya kuyapitia yote, na mengine sioni haja.

Injini ya Toyota 1NZ, cc 1,500, iliyo kwenye IST, Raum, Spacio na Sienta, ndiyo ningempa mtu asiyetaka mawazo. Inatumia cheni ya taimingi, spea zake ziko kila kona, na fundi yeyote wa mtaa wa Unga Limited, Arusha, anaijua. Sienta ina viti saba, japo vya nyuma ni vya watoto.

Wish ya 2003 hadi 2009 yenye cc 1,800 inatumia injini ya 1ZZ. Baadhi zinajulikana kwa kunywa oili kwa sababu ya namna pistoni zilivyotengenezwa. Si lazima uiache, ila pima kijiti cha oili kabla ya safari na baada ya safari, na ujue kwamba mwenye Wish ya namna hiyo hutembea na lita moja ya oili kwenye buti. Wish ya cc 2,000 ya miaka hiyo na Noah za 2001 hadi 2007 zina injini ya D-4, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Sifa yake mbaya mitaani imezidishwa, lakini haikuzuka bure: njia za hewa zinajaa masizi na pampu yake ya mgandamizo mkubwa ni ghali. D-4 inayounguruma kwa kuyumbayumba ukisimama kwenye taa nyekundu za barabarani inakueleza kitu. Noah za baada ya 2007 zilikuja na injini nyingine pamoja na CVT, kwa hiyo rudi kwenye swali la mafuta ya giaboksi.

Subaru Forester zenye injini ya EJ20 ni nzuri mlimani, hilo halina ubishi. Zina mkanda wa taimingi unaopaswa kubadilishwa kwenye kilomita 100,000 na gasketi za hedi zinazohitaji jicho. Asipokuwepo fundi wa Subaru unayemwamini, waachie vijana.

Milioni kumi na mbili si milioni kumi na mbili

Tuseme hizo ndizo ulizonazo. Ukinunua gari la milioni 12, umenunua tatizo, hata kama gari ni zuri. Nunua la milioni 9 na ubakize 3. Gari la zamani likiingia mikononi mwako linahitaji kuanzishwa upya: oili na filta, mafuta ya giaboksi, kulanti, mafuta ya breki, plagi, mikanda ya nje, hosi zilizokakamaa, labda betri, labda matairi mawili. Ukifanya hayo mwezi wa kwanza, ndipo unapoanza kuhesabu kilomita za kwako zenye historia. Usipofanya, utayafanya moja baada ya jingine kwa bei ya dharura, kando ya barabara pale Mwanga.

Kwa hiyo mkopo wa SACCOS unaolipa bei yote ya gari la miaka kumi na minane na kukuacha na makato ya kila mwezi siushauri. Makato yatakula pesa ya matengenezo, na matengenezo yaliyoahirishwa yataliua gari kabla mkopo haujaisha.

Kuna swali jingine la pesa ambalo familia hazijiulizi: viti saba mnavihitaji mara ngapi? Kama ni safari ya Krismasi tu, na mwaka mzima mko wanne, IST au Raum iliyo nzima itawafaa kuliko Noah iliyochoka, na Desemba mnakodi. Heshima ya kupanda kijijini na gari kubwa naielewa, sote tunaielewa, lakini inalipiwa kila mwezi kituo cha mafuta.

Kadi

Kadi halisi, si picha ya WhatsApp. Jina lililo kwenye kadi liwe la mtu aliye mbele yako mwenye kitambulisho. Magari mengi yamepita mikono mitatu huku kadi ikiwa bado na jina la wa kwanza, ambaye yuko Mwanza au ameshafariki. Akiwa amefariki, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi, si mtoto aliyebaki na funguo. Linganisha namba ya chesesi kwa macho yako. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa faini za barabarani uone deni, kwa sababu makosa yanafuata gari. Hakiki stika ya bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima. Mkataba muandikishiane kwa wakili, na uhamisho ufanyike TRA mara moja mkiwa wote na TIN. Humo kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya thamani, na nani anaulipa mkubaliane mapema. Muulize dalali waziwazi kamisheni yake ni ngapi, na ukiweza zungumza bei na mwenye gari mwenyewe, maana cha juu, anachoongeza dalali juu ya bei ya mwenye gari, hakiandikwi popote.

Fundi wa kukagua awe wako, umlipe wewe, asiwe aliyependekezwa na muuzaji. Akague gari likiwa juu, apime kwa mashine, atazame kutu chini, hasa kwa magari yaliyotoka mikoa ya Japani yenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi. Ukiwasha swichi kabla ya injini, taa zote za dashibodi zinapaswa kuwaka kisha zizime injini ikishawaka, ya injini na ya eabegi zikiwemo. Taa ambayo haiwaki kabisa imechomolewa balbu, na mtu hachomoi balbu bila sababu. Vuta mikanda yote hadi mwisho. Ikiwa na mstari wa tope, gari limezama kwenye mafuriko.

Kuhusu wakati: usinunue Novemba wala Desemba. Kila mtu anataka gari la kupandia nyumbani, bei zinasimama na muuzaji hana haraka ya kukuruhusu ufike hata Himo kulijaribu. Subiri sikukuu zipite. Januari ada za shule zinagonga mlango, na magari yanarudi sokoni yakiwa yametoka kupanda mlima. Yaliyochemka utayatambua: rejeta mpya inayong'aa katikati ya injini iliyojaa vumbi. Muulize muuzaji iliwekwa lini, halafu mwombe risiti.